Nyundo Sikioni mwa Mama Mkubwa

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini safari hii aliyevunjika guu alikuwa mkuu mwenyewe, na asiyesikia alikuwa mzima wa viungo, kasimama kichwani pa kitanda cha upasuaji.

Mkuu alikuwa Mama Mkubwa, aliyeteleza bafuni akavunjika nyonga. Asiyesikia alikuwa binti aliyeachwa na marehemu mdogo wake, akalelewa na huyo huyo Mama Mkubwa tangu anatambaa. Sasa alikuwa mtaalamu wa kulaza wagonjwa, na hospitali nzima ilimwita Bi Usingizi.

Siku moja kabla, Mama Mkubwa alikataa katakata kupasuliwa bila nusu kaputi. Alitaka kulala fofofo, aamke nyonga imeshakuwa nyonga. Bi Usingizi akambembeleza: sindano ya mgongoni ingeua maumivu kuanzia kiunoni kushuka chini na kukiacha kichwa salama, maana ubongo wa uzeeni ukilazwa kwa nguvu huweza kuamka usijue uko nyumba ya nani. Hakusema kwamba ubongo huu ulikwisha kuanza kuficha birika kabatini na kumwita yeye kwa jina la mama yake.

Mama Mkubwa alikubali kwa shingo upande, na sharti juu. "Ukishanichoma hiyo ya mgongo, unipe na ya kulala. Nisisikie kitu."

"Hutasikia kitu, Mama Mkubwa."

Aliahidi akijua hatatimiza. Chai yake akaiacha ipoe.

Chumbani mwa upasuaji aliivuta ile dawa ya kulala kwenye bomba la sindano, akaiweka karibu, kama mtu amwekeaye mgeni kiti asichokusudia kumkalisha. Alimwachia mgonjwa miwani yake. Alimwachia na kifaa chake cha kusikia, kwa sababu mzee asiyeona wala kusikia huchanganyikiwa upesi. Kisha akawa anamsemesha habari za mtaani, nani kaoa na nani kakimbiwa, jicho moja likiwa kwenye mashine. Presha ikilegea, anaipandisha. Damu ikipungua, ubongo ndio wa kwanza kulia njaa.

Aliwaza yote isipokuwa nyundo.

Daktari wa mifupa alipoanza kugongelea chuma, kila pigo lilipitia kwenye kile kifaa likamfikia mwenye nyonga. Maumivu hayakuwapo, ila sauti ilikuwapo yote. Mama Mkubwa akamkamata Bi Usingizi mkono.

"Wananipigilia kama mlango. Mwanangu, nilaze."

Bi Usingizi akakichomoa kifaa sikioni, kachelewa, na tena mtikisiko wa mfupa hauhitaji sikio. Mama Mkubwa akaiangalia ile sindano ya kulala, akamwangalia yeye. Bi Usingizi akatikisa kichwa. Machozi ya mzee yakateremka kando ya jicho, naye Bi Usingizi akayafuta kwa kipande cha shashi, akijiona mwizi anayemfariji aliyemwibia.

Baada ya hapo akawa anamkwepa. Alitafuta habari zake kwa wauguzi, akapita mlangoni akijifanya ana haraka. Mwishowe daktari wa mifupa akamtania koridoni kwamba Mama Mkubwa amemshauri, yeye daktari, aache udaktari, afungue karakana ya useremala. Wauguzi waliokuwa karibu wakacheka. Bi Usingizi hakucheka, akageuza njia kwenda wodini.

Mama Mkubwa alikuwa ameketi, miwani puani, kifaa sikioni. Akamwita kwa jina lake, si la mama yake.

"Njoo hapa, mwongo."

Akamsomea mashtaka. Ahadi aliitoa akiwa amesimama pale dirishani, kikombe mkononi. Daktari aligonga, akapumzika kuulizia matokeo ya mpira, akagonga tena. Kifaa kilichomolewa wakati hakina faida. Kichwa kilitikiswa. Hakuruka kitu, hakukosea mpangilio. Kila neno lilimchoma Bi Usingizi, na kila neno lilikuwa mahali pake. Kichwa kile kilikuwa kimerudi kama kilivyokwenda.

"Nilikulea mimi," Mama Mkubwa akamaliza. "Sasa niombe radhi."

Bi Usingizi akavuta kiti, akakaa, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Nilikudanganya, na hilo litanikosesha usingizi mimi mwenyewe. Ila radhi siombi, Mama Mkubwa. Leo siombi, na kesho siombi."