Aproni ya Maua ya Bi Raina

Svilen alikuwa na gari moja tu, dogo, jekundu, na alitaka lifanye kazi zote: siku za wiki limpeleke ofisini, Jumamosi likimbie kwenye uwanja wa mbio nje ya mji. Tatizo ni Jumapili. Jumapili ilikuwa ya mama mkwe wake, Bi Raina, ambaye lazima apelekwe kijijini na mtindi wake, mayai yake, na nyonga yake iliyofanyiwa upasuaji.

"Chukua hizi laini kidogo," fundi Lyubo alimwambia kule gereji, akimwonyesha springi na shokapu. "Barabara zetu unazijua. Na ule uwanja wenyewe umejaa matuta kama shamba la viazi."

"Laini? Kwani mimi nachuuza mayai, bwana? Nipe ngumu kuliko zote!"

Walibishana mpaka kahawa ikapoa. Mwishowe Lyubo akamfungia shokapu zenye vitufe vya kuzungusha, kama vya jiko la gesi, viwili chini ya boneti na viwili ndani ya buti. Ukizungusha kulia zinakuwa ngumu, kushoto zinalainika. "Jumamosi kulia, Jumapili kushoto. Usije ukasahau."

Jumapili ya kwanza tu akasahau. Lahaula! Bi Raina alirushwa mpaka kichwa kikagonga paa, na mtindi wote ukammwagikia mapajani. Walipofika, Bi Raina alimkuta mkwewe amepiga magoti kwenye buti, anahangaika na vitufe.

"Kumbe hivyo ndivyo vinavyotaka kuniua?"

"Nisamehe, mama. Kushoto ndiyo laini. Nilipitiwa tu."

"Kushoto," alisema Bi Raina, akijifuta mtindi. "Haya."

Sasa kulikuwa na Ognyan, mtoto wa kiume wa Bi Raina, naye mpenda mbio, mdomo mrefu. Tangu Svilen aoe dada yake, Ognyan hakumpa nafasi ya kupumua: shemeji hajui kuchoma nyama, shemeji anaendesha kama padri. Basi wakawekeana dau. Kila mmoja azunguke uwanja mara moja, na atakayeshindwa atavaa aproni ya maua ya Bi Raina Sikukuu ya Mtakatifu Georgi, ageuze kondoo motoni mbele ya kijiji kizima. Svilen aliapa moyoni kwamba afadhali anywe oili ya injini kuliko kuivaa aproni ile.

Jumamosi ya mbio Bi Raina akaja nao, maana wangeunganisha moja kwa moja kijijini. Svilen akazungusha vitufe vyote kulia mpaka mwisho, akaacha boneti na buti wazi ili watu waone vitu vipya, akaenda kunywa kahawa kwa maringo. Aliporudi, mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja, anafuma soksi, mpole kabisa.

Ognyan alitangulia, akapata muda mzuri. Kisha Svilen akaondoka. Kwenye ile kona ya matuta, ambako siku zote gari lilirukaruka kama panzi, safari hii liling'ang'ania lami. Akashangaa kidogo, halafu akaamua kwamba ni ustadi wake. Akamshinda Ognyan kwa sekunde nzima.

"Ngumu, shemeji!" alipiga kelele, akirukaruka kama mwendawazimu. "Ngumu ndiyo mpango mzima! Kaipige pasi aproni!"

Ognyan akaivua kofia yake ya mbio akaibwaga chini, na hilo lilikuwa tamu kuliko ushindi wenyewe. Svilen bado anacheka, Bi Raina akamvuta shati hadi nyuma ya gari.

"Mkwe, nilivizungusha vyote kushoto. Vyote vinne. Nina mayai ya kupeleka, unadhani ningekubali kutwangwa tena?"

Svilen akakagua. Kweli tupu. Akanywea.

"Mama, nakuomba, usimwambie Ognyan. Atanicheka mpaka nife."

"Mimi? Wala sisemi. Ila Ognyan nimemzaa mwenyewe, na mwanangu havai aproni mbele za watu."

"Sasa aivae nani?"

Bi Raina akamwelekezea sindano ya kufumia kifuani.

Siku ya Mtakatifu Georgi kijiji kizima kilimwona Svilen ndani ya maua mekundu, kamba hazifiki mgongoni, anageuza kondoo huku akimweleza kila apitaye kwamba mshindi wa kweli ni muungwana. Ognyan alisimama pembeni na ubavu wa nyama, amepigwa butwaa.

"Shemeji, una moyo wewe! Ningeshinda mimi, ningekucheka mwaka mzima."

Svilen alitabasamu kwa uchungu. Bi Raina akapita na trei ya banitsa, ile pai ya jibini, akasimama, akaitazama nyama.

"Usikaze mkono hivyo, mkwe," alisema, kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Zungushia kushoto."

Svilen akazungushia kushoto.