Jukwaa la Katikati

Tangu binti aache kazi ya duka la dawa akashika gita, baba yake hakumwambia neno tena. Hakumfukuza wala kumlaani. Alinyamaza tu, na mzee yule akinyamaza, afadhali uongee na ukuta. Habari zote zilipitia kwa mama mdogo: "Baba yako mzima. Anakohoa kidogo, dawa hataki."

Jioni hiyo uwanja ulifurika. Kwenye jukwaa kubwa alizoea kukaa nyuma kabisa, taa zikimpiga machoni, na watu kwake walikuwa giza linalopiga kelele. Lakini safari hii walikuwa wamejenga kijukwaa katikati ya uwanja, upana wake kama sebule, na mwimbaji wao, ambaye bendi nzima ilimwita Bosi, akamshika mkono.

"Twende wawili tu. Nyimbo za taratibu."

"Na wenzetu?"

"Wakae, wanywe maji."

Wakapita katikati ya watu, wakaketi kwenye stuli. Hapa watu hawakuwa giza tena. Walikuwa na miwani, na mapengo, na watoto mabegani. Wimbo wa kwanza aliupiga ameinamia gita mwanzo mwisho. Alipoinua kichwa, akamwona mama mdogo akimpungia kitambaa kama mtu anayesimamisha gari. Kando yake, ndani ya koti lake la kuendea harusi, alisimama baba.

Bosi alikuwa anakunywa maji, uwanja umetulia. Mzee akasogea hadi kwenye kizuizi, akakohoa.

"Umekula?"

Akasahau kuwa kipaza sauti kilikuwa mdomoni pake. "Bado, baba."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mzee akageuka, akawakazia macho wote kana kwamba wameingia kwake bila hodi.

Binti akakisukuma kando kipaza sauti. "Mmefika saa ngapi?"

"Zamani. Tulikuwa kule nyuma, makelele tu, sikujua lipi lako lipi la wenzio." Akapapasa vifungo vya koti. "Hapa nasikia vidole vyako."

Binti akajifuta macho kwa mkono wa blauzi.

"Mzee, tuendelee?" Bosi akauliza.

"Endeleeni, kwani nani kawazuia?"

Wimbo wa pili alikosea mahali, akacheka, akaendelea. Baba hakuyajua maneno. Alikuwa akiwadakia watu walioimba kando yake, nyuma kidogo ya kila mstari, ameshika kizuizi kwa mikono miwili.