Ng'ombe wa Masele

Funga kwanza hilo daftari, Stanslaus. Chai nitakupa, vitumbua nitakupa, na habari uliyotumwa na boma uje kuichukua nitakupa yote. Lakini daftari likiwa wazi mezani pangu ulimi unakuwa mzito. Liweke chini ya kiti. Hapo hapo. Sasa tunaweza kuzungumza.

Unasema wakubwa wa Shinyanga wanataka kujua Mwalugoye ilifanya nini hata ikapata kiwanda cha kuchambua pamba, ili watemi wengine nao waige. Basi umefika kwa mwenyewe. Mtemi Mihayo atakwambia kiwanda alikileta yeye. Maige, yule mwanangwa anayetusimamia kijijini kwa niaba yake, naye atakwambia ni yeye. Waache waseme. Kiwanda kile nilikileta mimi, Mwahija, kwa mdomo wangu huu, na ningejua ningeushona kwa cherehani ya mume wangu.

Ilikuwa miaka mitano iliyopita, mwaka uliofuata ule wa nzige. Hapa hapakuwa na kitu. Palikuwa na njia panda, na nyumba yangu pale mwinukoni iliyokuwa pia mkahawa, na Abdu mume wangu barazani na cherehani yake, anangoja mtu wa kumshonea. Watu walilima pamba wakaibeba kichwani siku mbili mpaka Shinyanga, wakarudi na shingo zimeingia ndani na chumvi kidogo. Huku kila siku vijana wanatupita kwenda Geita kwenye dhahabu. Abdu akiwatazama wanavyopita anatikisa kichwa. Mchimba dhahabu, anasema, anapasua suruali kila wiki, na mimi nimekaa hapa nashonea watu wanaovaa shuka moja mpaka ioze. Siku moja akaniambia mfungo ukiisha tunahamia Geita.

Nikamwambia utakwenda peke yako. Ndugu yangu Majaliwa alikwenda Lupa kuchimba dhahabu, na kilichorudi kwetu Tabora ni kofia yake. Tena mama yangu amezikwa pale nyuma ya nyumba. Alikuja kunilea uzazi wa kwanza, homa ikamchukua yeye na mtoto wakati mmoja, na wote wawili wako pale. Kila Ijumaa asubuhi nafagia kaburi, namwambia mama habari za wiki. Nimwache hapo, nani atamfagilia? Abdu si mtu mbaya, lakini siku ile alinijibu vibaya.

“Kaburi halishonewi suruali, Mwahija,” akasema. “Nipe sababu nyingine.”

Sababu ikaja yenyewe kabla mwezi haujaandama. Tajiri mmoja Mhindi wa Shinyanga, watu walimwita Bwana Miwani, alikuwa anatafuta mahali pa kujenga kiwanda cha pamba. Alikuwa amebakiza sehemu mbili za kutazama: kwetu Mwalugoye na kwa jirani zetu wa Igembya. Nikambana Abdu palepale. Kiwanda kikija kwetu tunabaki, kikienda Igembya nafunga vyombo vyangu na sisemi neno. Akakubali mbele ya shahidi.

Nikajitanda nikaenda kwa mtemi. Nikamwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Nikasema mfanyabiashara hapeleki mali yake penye njaa. Sisi tuliokulia Tabora sokoni tunajua: ukitaka mteja, panga vizuri mbele, vumbi futa, embe lililooza ficha chini. Kwa hiyo siku Bwana Miwani akija, watu wavae nguo zao nzuri, ng'ombe wote waletwe kando ya barabara awaone, na pamba imwagwe kwenye mikeka. Mtemi Mihayo alifurahi mpaka akanipa jogoo. Akamwita Maige, akamwambia kusanya watu uwatangazie kama mama huyu anavyokwambia, neno kwa neno.

Na Maige akatangaza neno kwa neno, hilo siwezi kumsingizia. Nilikuwepo. Alipiga ngoma, watu wakaja, akasema: keshokutwa anakuja bwana mmoja na daftari, anataka kuona mali zenu, kila mmoja na ng'ombe zake. Watu wakaitikia eee, wakanigeukia mimi wakasema wabheja mayu, asante mama, kwa kututangulizia habari. Nikarudi nyumbani nimejaa furaha. Nikawaza, ona watu hawa walivyo wepesi kuelewa.

Mwanangu, wewe mtu wa boma, hebu fikiri. Tangu Mjerumani mpaka Mwingereza, hapa amewahi kuja mtu na daftari kutazama mali za watu kwa heri yao? Mimi ni mtu wa kuja, sikuliwaza hilo. Maneno yale yale niliyompa Maige ndiyo ambayo babu zao walikuwa wakipelekeana mbio usiku kucha, shamba kwa shamba, kila mkusanya kodi alipokaribia. Nilikuwa nimewapigia mbiu ya hatari kwa ngoma ya serikali.

Siku yenyewe ikafika. Nyumba yangu nilikuwa nimeisiriba udongo mweupe mpaka inaumiza macho. Nimevaa kanga mpya, nimemvisha Abdu kanzu. Nikatoka nje kutazama ng'ombe. Barabara nyeupe, hata mbuzi hakuna. Nikasema labda wako njiani. Kuku nao hawapo. Kijiji kizima hakina hata jogoo wa kuwika, isipokuwa yule wangu wa mtemi.

Halafu watu wakaanza kutokea, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Sijui walizitoa wapi zile ngozi za mbuzi, nadhani darini kwa mabibi waliokufa zamani. Wazima wanachechemea. Wanawake wamepaka majivu miguuni. Na Maige, mwanangwa mzima, mtu ambaye ng'ombe wake wakinywa bwawa linabaki tope, amevaa gunia. Gunia la chumvi, amelitoboa pa kutolea kichwa. Nikamwuliza Maige, ni nini hii? Akanikonyeza. Akasema usiwe na wasiwasi mayu, nimewaambia wote, hata kijiji cha pili, Nyahanga, wamesikia.

Gari likafika. Mtemi alikuwa amekaa kitini na joho lake na saa ya mfukoni yenye mnyororo, amependeza kweli. Bwana Miwani akashuka, na kitu cha kwanza alichoshuka nacho ni daftari. Nikauona mnyororo wa mtemi unaingia ndani ya joho taratibu, kidogo kidogo, mpaka ukaisha.

Palikuwa na ng'ombe wanne tu, wawili vilema, wamesahauliwa karibu na kisima. Bwana Miwani akauliza ni wa nani. Mzee mmoja akasema ni wa Masele. Masele akaitwa, akasema yeye anachunga tu, ni wa Jilala. Jilala akasema amekopeshwa maziwa, ng'ombe ni wa Maganga. Maganga akaapa kwa baba yake kwamba aliwekewa, ng'ombe ni wa Masele. Wewe ni Msukuma, unajua hawakuwa wanadanganya sana. Mtu hapa huwagawa ng'ombe wake kwa rafiki, na rafiki kwa rafiki, hata mwenyewe ukimwuliza ghafla lazima akae chini apige hesabu. Lakini Bwana Miwani alizunguka nao mara mbili, akaandika, akafuta, mwisho akafunga daftari.

Mimi nilikuwa naona Geita inakuja. Naiona suruali iliyochanika, naliona kaburi la mama limeota nyasi. Basi nikaamua sikubali kufa na hawa. Nikamkaribisha Bwana Miwani barazani kwangu, nikampa chai ya tangawizi na vitumbua vya mchele wa hapa hapa. Akala, akatazama kuta, akauliza nyumba hii ni ya nani.

“Yangu, Bwana,” nikasema. “Na hapa masika yote maji hayafiki.”

Ningeishia hapo. Lakini mdomo ulikuwa umeshawaka. Nikamtembeza. Nikamwonyesha kisima kisichokauka, nikamwonyesha ardhi ilivyo ngumu, nikamwambia piga mguu Bwana, piga, uone. Nikamwambia upepo wa mchana unapita hapa kuliko kokote, na gari linageuka bila kuingia tope. Nikamwonyesha hata kaburi, nikasema tazama, miaka sita halijadidimia. Alipiga mguu. Akaridhika, akanishukuru, akaondoka.

Kesho yake akaenda Igembya. Kule watu walielewa walichoambiwa, wakapanga kama nilivyotaka mimi kupanga. Ng'ombe kutoka asubuhi mpaka adhuhuri wanapita tu, watu wamevaa viatu, mtemi wao na mwavuli wa hariri. Habari ziliponifikia nililia. Nililia kwelikweli, mbele ya wateja. Abdu akaanza kuifunga cherehani kwa kamba. Wala hakuwa na furaha usoni, nakumbuka hilo. Nikaenda nyuma ya nyumba nikamwambia mama nisamehe.

Siku ya nane barua ikaja kwa mtemi. Kiwanda kinajengwa Mwalugoye.

Hakuna aliyeamini mpaka Bwana Miwani alipokuja mwenyewe barazani. Mtemi, saa yake ikiwa bado imezama, akamwuliza kwa adabu ni nini kilichompendeza kwetu.

“Mtu mwenye ng'ombe mia hapandi pamba yangu,” Bwana Miwani akasema, “wala haji kunibebea marobota. Igembya watu wameshiba. Hapa sijaona mtu mwenye kitu, ila mama mmoja tu.”

Watu walipiga vigelegele mpaka ng'ombe waliofichwa msituni wakaitikia. Maige alibebwa juu juu na gunia lake. Usiku ule ngoma haikulala, na Abdu akaifungua cherehani, akaipaka mafuta. Nilikuwa nacheza na mimi, nakwambia, nilicheza mpaka kanga ikafunguka. Igembya nao hawakusahauliwa, maana waliwavutia wakubwa wengine. Mwezi haukupita, akaja bwana wa mifugo akawaambia ng'ombe wao ni wengi mno, wanaharibu ardhi, wapunguzwe. Mtemi wao mpaka leo akimwona wetu njiani anageuza uso.

Wiki ya pili wakaja wapimaji. Niko jikoni nageuza vitumbua, naona mtu anapigilia kigingi karibu na mafiga yangu. Nikamwambia wewe, umepotea. Akasema hajapotea, hapa ndipo mashine itakapokaa, mahali pamechaguliwa na tajiri mwenyewe, maji hayafiki.

Nilikwenda kwa mtemi mbio, bila hata kujitanda. Ardhi ya hapa ni ya mtemi, mimi mtu wa kuja nilipewa pa kukaa, nalijua hilo, lakini nilidhani ana macho ya kuniona. Alikuwa na haya, kichwa chini. Alinijibu polepole.

“Mwahija, mimi nilimwonyesha nyumba hamsini, akaona mbavu tupu,” akasema. “Wewe ndiye uliyemwambia apige mguu.”

Nikarudi nikamwambia Abdu, basi, umeshinda, twende Geita. Unajua alinijibu nini? Alikuwa ameuma sindano mdomoni, amezungukwa na khaki. Akasema Geita kufanya nini, na kaptura za vibarua nani atazishona?

Kwa hiyo tulihamishiwa hapa bondeni, unapoona kitanda changu kimepandishwa juu ya matofali. Masika maji yanajaa, tunaingia ndani nguo tumezikunja mpaka magotini. Kazi ipo, siwezi kukufuru. Mkahawa unajaa, Abdu amenenepa. Ila Bwana Miwani alipanga mshahara kwa mavazi aliyoyaona siku ile, na watu wanaogopa kuvaa vizuri asije akasema kumbe mnacho. Mwisho wa mwezi wanakwenda kupokea wamevaa magunia, halafu wanapitia kwangu wanakula nyama.

Mama yangu yuko ndani ya uzio wa kiwanda, kati ya bohari na mashine. Hawakumgusa, hilo nalishukuru, waliweka hata vijiti kumzunguka. Ijumaa nachukua ufagio wangu naenda langoni. Mlinzi ni Jilala, yule yule wa ng'ombe. Ananijua miaka yote, amekula vitumbua vyangu kwa mkopo, lakini ana daftari sasa, na lazima aandike. Ananiuliza unakwenda kwa nani. Namwambia kwa mama. Anaandika, ananipa dakika chache, nafagia pamba iliyomwangukia, maana inamfunika nyeupe kila wiki. Mashine zikinguruma hanisikii nikimpa habari. Lazima nipige kelele, na mambo mengine si ya kupigia kelele.

Haya, nimemaliza. Waandikie wakubwa wako wanachotaka. Waambie Mwalugoye ilipata kiwanda kwa sababu ya watu wake, hawatajua ni kweli kiasi gani.

Nini? Mlio gani? Aa, huko uvunguni. Hao ni kuku tu, kumi na wawili hivi, usiwajali. La, Stanslaus, usiinamie hilo daftari. Si wangu hao, mwanangu. Ni wa Masele.