Bata wa Wifi Getruda

Bata hana haya hata kidogo. Ukimwekea maji ya kunywa, yeye anaoga. Akimaliza kuoga anajisaidia humo humo, kisha anawapisha kuku wanywe, kama mwenye nyumba anayekaribisha wageni mezani. Mimi Tumpale nilikuwa nafuga kuku tu hapa Mlowo, na nilikuwa na amani yangu, mpaka wifi yangu Getruda alipokuja kutoka Itaka na tenga la bata.

"Mdondo umetumaliza, wifi," alisema hata kabla sijamkaribisha kiti. "Banda langu la kuku ni manyoya matupu. Nimebaki na hawa. Naomba unifichie mbegu."

Kwetu mbegu haikataliwi. Ugonjwa ukiingia kijiji kimoja, walionusurika hupelekwa kwa ndugu wa mbali wakae huko mpaka kupoe, na aliyewatunza hupewa fungu lake la watoto. Bibi zetu walifanya hivyo, mama zetu wakafanya hivyo. Ningemrudisha wifi na tenga lake mlangoni, ningeonekana mtu wa namna gani? Mume wangu Mbonile, ambaye ndiye kaka yake, alikuwa ameshatoka nje kumpokea mzigo.

"Lakini wazima?" niliuliza.

"Wazima kabisa. Tangu lini bata akafa kwa mdondo?"

Hilo kila mtu analijua. Nikawafungulia.

Sasa niseme kuhusu kuku wangu, maana hawakuwa wa kuokota sokoni. Walikuwa kishingo, wekundu, shingo tupu kama zimenyonyolewa, sura mbaya kweli kweli. Mama yangu aliwafuga kule Ileje tangu sijazaliwa. Nilipoolewa alinipa tetea na jogoo, akaniambia, "Chinja utakavyo, ila usimalize mbegu." Mdogo wangu Alinanuswe naye alipewa wake, lakini kicheche akawamaliza, akabaki na kuku wa kawaida. Mama alipofariki, waliosalia wakawa hawa wa kwangu tu. Jogoo akiwika alfajiri, nilikuwa naisikia nyumba ya mama.

Bata wakaligeuza karai la maji kuwa bwawa lao. Kuku wakanywa tope lile lile. Nilikuwa nawafukuza kwa ufagio huku nacheka.

Wa kwanza kuzubaa alikuwa jogoo. Alisimama kwenye kona, mabawa yameshuka, kinyesi kijani. Kesho yake shingo ikampinda, akafa. Matetea wakafuata. Chanjo walikuwa hawajapata, kwa sababu chupa moja ni ya kuku wengi na ikishafunguliwa haikai, kwa hiyo hapa mtaani huwa tunasubiriana tuwe wa kutosha. Tulikuwa bado tunasubiriana.

Bwana mifugo alipokuja hakuwatazama kuku sana. Aliwatazama bata.

"Hawa wametoka wapi, mama?"

"Kwa wifi yangu. Hawa hawaumwi."

"Hawaumwi, ila wanaubeba. Kuku akinywa walipokunywa wao, ameupata." Akanyoosha kidole kwa tetea mmoja aliyebaki, aliyekuwa anachakura zake bila habari. "Na huyu asitoke hapa. Hata mkimwona mzima."

Nilimchukia yule bwana mchana kutwa, kana kwamba yeye ndiye aliyeleta tenga.

Jioni Alinanuswe akapiga simu. Habari alishazipata kwa shemeji yake, Mbonile.

"Dada, huyo aliyebaki nitumie kesho kwa gari la Itumba. Huku hakuna ugonjwa. Akae kwangu, apandwe na jogoo wangu, mbegu isipotee."

"Bwana mifugo amekataza."

"Bwana mifugo anamjua mama?"

Mbonile naye akaunga mkono. "Mpeleke. Akibaki hapa utakuwa unamtazama tu anavyokufa."

Nami nilitaka. Nilitaka sana. Asubuhi nikamfunga kwenye kikapu, kichwa nimekiachia tundu, nikaenda stendi. Konda akachungulia.

"Mama, huyu mzima? Asije akanifia njiani."

"Mzima kabisa," nikasema.

Nikaisikia sauti ya Getruda mdomoni mwangu. Maneno yale yale, na yeye pia hakuwa anadanganya. Nikawaona kuku wa Alinanuswe kule mlimani, na wa jirani yake hapo chini, na wa mama mkwe wake ng'ambo ya kijito, wote wanachakura pamoja kwa sababu kule hakuna anayejenga uzio. Konda alikuwa ameshaushika mkono wa kikapu. Nikauvuta.

"Vipi tena, mama?"

"Haendi."

Abiria wakanicheka dirishani, mwanamke mzima anagombania kikapu cha kuku na konda. Nilirudi nyumbani nalia njia nzima, na sikuona aibu.

Alinanuswe nilimweleza yote: bata, maji, alivyosema bwana mifugo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umeamua mbegu ya mama ifie mikononi mwako," akasema, akakata simu.

Tetea nilimtenga kwenye jiko la nje, na bakuli lake la maji safi. Siku ile alikula. Kesho yake akala tena, akataga hata yai, nami nikaanza kujitukana kwamba nimemnyima mdogo wangu kuku mzima. Keshokutwa mabawa yakashuka. Tulimfukia kwenye shimo refu, tukamwagia majivu. Nilipompigia Getruda alilia, akasema bata nibaki nao wote, hana uso wa kuja kuwachukua. Ndio hao, wamenona, wanaoga kwenye karai.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa Alinanuswe. Hakunifukuza. Alinipa kigoda uani, akaniletea chai, akakaa mbali kidogo. Kuku walikuwa wamejaa pale, wake na wa jirani, na vifaranga wanapita miguuni mwangu.

"Waone, dada," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyeugua. Ungemleta huku, angepona."

Nikawatazama wale kuku, wengi, wazima wote. Nikainamia chai yangu, nikainywa.