Kabla ya Amina

Fundi cherehani alipomwona Mchungaji mlangoni alizima redio, akavua futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni, akainamisha kichwa na kufumba macho. Hata kumkaribisha alisahau.

Mchungaji alisimama na kofia mkononi, ameona haya. Hakuja kuomba. Lakini amlaumu nani? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na waumini wake aliwalea hivyo mwenyewe: mtu akianza tu kueleza shida, yeye humshika bega, "Tuombe," na ikifika amina mwenye shida amekwisha kusindikizwa nje. Watu walimsifu kwa maombi. Yeye alijua ni njia yake ya kukata maongezi, maana tangu afiwe na mkewe, machozi ya watu yalimwamshia ya kwake.

Ndivyo alivyomfanyia fundi pia. "Mama watoto anakuita, Mchungaji. Ana neno," fundi alimwambia ofisini, mkewe akiwa hoi kitandani. Mchungaji aliomba papo hapo, akamuaga. Kabla ya Jumapili yule mama alikuwa ametangulia mbele ya haki. Mchungaji alimzika kwa maneno matamu, na kila neno likarudi kumsuta.

"Fumbua macho, ndugu yangu," alisema sasa. "Leo nimekuja kusikiliza."

Fundi alifumbua jicho moja, kisha la pili. "Kwani nimekosea wapi?"

"Mimi ndiye niliyekosa. Uliniita, sikuja. Nisamehe."

Fundi alipangusa nyuzi kwenye kiti cha wateja, akamsogezea. "Yameshapita, Mchungaji."

"Alitaka nimwombee nini?"

"Kumwombea?" Fundi alilizungusha gurudumu la cherehani kwa kiganja, polepole, bila kushona kitu. "Yule alikuwa anaomba mwenyewe. Tena anakushinda, usikasirike."

Mchungaji alitaka kucheka, akaketi kwenye kile kiti.

"Alitaka kukujulia hali. Alisema tangu mama mchungaji atutoke, sisi tunakubebesha mizigo yetu tu. Hakuna anayekuuliza unalalaje."

Mchungaji alifungua kinywa. Neno lililomjia lilikuwa lile lile, tuombe. Akalimeza.

"Silali," alisema.

Fundi aliinuka, akarudishia mlango wa duka, akarudi kuketi mbele yake. Hakufumba macho.