Mwanafunzi Aliyepungua Sehemu Nane

Mwalimu Sedekia hakuwa na cheti cha sekondari, hakuwa na kabati, hakuwa na saa wala viatu vya mvua. Hakuwa na kengele. Aligonga rimu ya lori. Hakuwa na darasa la kumi, kwa sababu darasa lake la tisa, la kwanza katika ile shule ya misheni juu ya Mbalizi, lilikuwa bado halijapewa ruhusa ya kuendelea. Na mwaka 1956 hakuwa na asilimia.

Asilimia ilitakiwa na ofisi yetu ya elimu ya Iringa. Waraka ulisema darasa lisilofikisha asilimia sabini na tano ya ufaulu lifungwe, wanafunzi warudi makwao. Fomu ilikuwa na vyumba vitatu vya tarakimu. Cha nukta hakikuwepo.

Mwalimu alikuwa na wanafunzi kumi na saba. Kumi na tatu walifaulu. Akagawanya, akapata sabini na sita na mkia usiokwisha. Akakata mkia, akaandika 76. Ofisi ikajibu hivi:

“Asilimia sabini na sita ya wanafunzi kumi na saba ni wanafunzi kumi na wawili na sehemu tisini na mbili kwa mia za mwanafunzi. Taja jina la mwanafunzi huyo pungufu, na ueleze sehemu zake nane ziko wapi.”

Barua hiyo iliandikwa na karani mkaguzi, Bwana Kalinga, mtu wa kwanza kwa hesabu pale ofisini, kwa maneno yake mwenyewe. Mwezi uliofuata akatumwa kukagua. Mimi Joachim ndiye niliyeendesha lori, siku mbili, tukalala Makambako. Nilikuwa nimemaliza miaka miwili ya masomo ya jioni, na njiani nilijaribu kuzungumza naye juu ya desimali. Hakutaka.

Tulipofika aliwapanga vijana mstari mmoja kwenye ukungu, akawakagua kama mnunuzi wa ng’ombe. Akasimama mbele ya kijana mrefu aitwaye Asukile.

“Kidole hiki kiko wapi?”

“Kilikatwa na panga, Bwana.”

Kalinga akafungua daftari. “Kidole ni sehemu ngapi za mtu?”

“Sijui, Bwana. Lakini mimi ni miongoni mwa walioanguka. Mpungufu wako si alifaulu?”

Vijana wakacheka. Kalinga akafunga daftari.

“Bwana Kalinga,” alisema Mwalimu Sedekia, “hakuna aliyepungua. Kosa ni langu, nilikata mkia. Tazama.” Akawaamuru vijana wasimame wawili wawili; akabaki mmoja. Watatu watatu, wakabaki wawili. Akaendelea hadi wanane wanane, na kila mara palikuwa na mtu amesimama peke yake kwenye umande au na wenzake wachache, hawana safu. “Kumi na saba ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Na mia imejengwa kwa mbili na tano tu. Darasa hili linaweza kutoa asilimia nzima mara mbili tu: wote wakianguka, au wote wakifaulu.”

“Basi andika mia.”

“Wanne wameanguka. Siwezi kuwainua kwa wino.”

“Andika sifuri.”

“Kumi na tatu wamefaulu!”

“Mwalimu, fomu tupu siirudishi Iringa. Nitaandika kwamba darasa limefungwa.”

Mwalimu akahesabu kwa vidole.

“Ishirini,” alisema. “Ishirini inaingia ndani ya mia mara tano. Nahitaji wanafunzi watatu, wafanye mtihani uleule.” Akamtazama mkewe, Mama Esta, aliyekuwa anachambua maharage mlangoni. Akanitazama mimi. Kisha akamtazama Kalinga.

Kalinga akausoma waraka mbele na nyuma. Haukutaja umri. “Vema,” alisema akivua koti. “Tena mtajifunza jinsi alama zinazokaribia mia kwa mia zinavyoonekana.”

Tukaandikishwa namba kumi na nane, kumi na tisa na ishirini. Kalinga alikaa dawati la mbele, magoti kidevuni. Asukile alipewa kazi ya kusimamia.

“Bwana namba ishirini,” alisema, “karatasi ya Mama Mwalimu usiichungulie.”

“Nyamaza wewe!”

“Na kuzungumza hairuhusiwi.”

Swali la saba lilisema: ghala lina debe mia za mahindi, yakaongezeka asilimia kumi, kisha yakapungua asilimia kumi, zimebaki debe ngapi? Niliandika tisini na tisa.

Mwalimu alisahihisha hapohapo, sote tukimtazama. Kufaulu kulianzia hamsini. Mama Esta alipata sabini na nne. Mimi nilipata sitini na moja. Kalinga alipata arobaini na tatu.

“La saba nimepata!” alisema Kalinga. “Zimepanda kumi, zimeshuka kumi, zimerudi nyumbani. Mia!”

“Shemeji,” alisema Mama Esta, “anayeshuka anashuka kutoka juu. Kumi kwa mia ya debe mia na kumi ni debe kumi na moja.”

“Sahihisha tena!”

Mwalimu akasahihisha tena kwa uangalifu. Akapata arobaini na mbili.

“Nilikuwa nimekupa moja kwa ajili ya safari,” alisema. “Hata hivyo waliofaulu ni kumi na tano kati ya ishirini. Sabini na tano kamili.”

Kalinga akapauka. “Na mimi niko kwenye hesabu hiyo? Nifute jina.”

“Ukijifuta tunabaki kumi na tisa,” alisema Mwalimu kwa upole. “Namba tasa tena. Darasa linafungwa.”

Hakuna aliyemcheka. Vijana kumi na saba walisimama wakimtazama, hata Asukile, na mvua ikaanza juu ya bati. Kalinga akaifuta kalamu yake mara tatu. Kisha akajaza vyumba vya fomu, sifuri, saba, tano, na chini yake akaandika majina ya walioanguka, la mwisho likiwa lake, kwa mwandiko mzuri sana, kama ulivyokuwa siku zote.

Hakutaka kuibeba fomu mwenyewe hadi Iringa, alisema anajijua, angelifuta jina lake njiani. Akaitia ndani ya bahasha, akayeyusha lakiri, akaidondosha juu yake, akagandamiza muhuri. Nikamwendesha hadi posta ya Mbeya, akaitumbukiza.