Nge Walioingia na Bi Harusi

Nge wa tatu alikuwa ndani ya buti la Nuruddin. Aliingiza mguu asubuhi, akapiga yowe, akauchomoa kama aliyekanyaga kaa la moto. Mama yake, Zuwena, ambaye Segese nzima ilimwita Mama Nuru, alitoka jikoni mbio na mchi mkononi. Lakini mkwewe Esta alikuwa amemtangulia. Alilikung'uta buti sakafuni, akambana nge mkiani kwa koleo la mkaa, akamtia kwenye kopo la plastiki na kulifunga.

"Usimuue, mama," alisema. "Muuguzi akiuliza ni nge gani, tumwonyeshe. Huyu magando yake ni membamba na mkia mnene. Wa namna hii hutegemea sumu."

Zahanati walimpa Nuruddin dawa ya maumivu, wakamweka saa mbili wakimwangalia, wakamruhusu. Mguu ulibaki na ganzi hadi kesho yake. Mama Nuru hakulala vizuri, lakini si kwa ajili ya mguu. Alikuwa anahesabu. Miaka kumi na tisa katika nyumba ile hakuwahi kuona nge ndani. Esta aliletwa kutoka Tinde mwezi wa nne, na sasa, mwezi wa sita, nge watatu ndani ya siku kumi na moja. Mmoja kwenye beseni la nguo, mmoja nyuma ya pipa la maji, na huyu. Na yule binti hakupiga kelele hata mara moja. Mtu asiyeogopa nge, kutoogopa huko alifundishwa na nani?

Akaanza kumchunguza. Akasogeza kiti chake uani, mahali ambapo aliweza kuuona mlango wa chumba cha wanandoa huku akijifanya anachambua mchele. Esta akimwamkia, aliitikia "marahaba" bila kuinua macho. Chai aliyoletewa aliinusa kwanza.

Siku ya tatu, alipomaliza swala ya magharibi, alimwona Esta ameinama kando ya ukuta, upande wa banda la biashara. Mkononi alikuwa na kitaa kinachotoa mwanga wa zambarau, mkono wa pili kopo. Alinong'ona peke yake, akachukua kitu ukutani kwa koleo, akafunga kopo. Mama Nuru alirudi ndani taratibu.

Jumapili Esta alipokwenda kanisani, Mama Nuru aliingia chumbani kwa mwanawe. Chini ya kitanda, nyuma ya sanduku la nguo, palikuwa na makopo manne yenye matundu kwenye vifuniko. Katika kopo la mwisho alikaa nge jike, na mgongoni mwake walikuwa wamejazana watoto weupe kama punje za mchele, wakipandana. Pembeni kulikuwa na mende aliyeliwa nusu.

Anawalisha, Mama Nuru aliwaza. Anawafuga, na wanazaa ndani ya nyumba yangu.

Esta aliporudi alikuta makopo yamepangwa kwenye mkeka uani. Nuruddin alikuwa amekaa kando, kainamisha kichwa.

"Mkeo anafuga nge," Mama Nuru alisema. "Nataka aniambie anamfugia nani."

Esta aliweka Biblia yake kwenye kiti. "Mama, umeingia chumbani kwetu?"

"Jibu."

"Vigeuze hivyo vifuniko."

Nuruddin ndiye aliyevigeuza. Kila kifuniko kilikuwa na kipande cha karatasi, na kila karatasi mwandiko wa Esta: tarehe, na mahali. Alisoma kwa sauti. Buti. Ukuta wa banda. Ukuta wa banda. Gogo la tatu kutoka mlangoni.

Banda lile lilikuwa la Mama Nuru. Humo aliweka matimba, yale magogo ambayo wachimbaji wa dhahabu huyashusha mashimoni kuzuia kuta zisiwaporomokee. Yaliegemezwa kwenye ukuta wa nyumba, na ndiyo yaliyomsomesha Nuruddin.

"Kwa hiyo ni mimi," Mama Nuru alisema.

"Ni magogo, mayu." Esta akihangaika, "mama" ilimtoka kwa Kisukuma. "Yale mapya yana magome. Nge anapenda penye ufa, mwili uguse juu na chini. Mchana anajibana humo, giza likiingia anatoka kuwinda. Kwetu tulikuwa tunayabandua magome kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Mkwe wa miezi miwili aanze kwa kusema biashara ya mama mkwe ina nge? Nilitaka ushahidi kwanza."

Mama Nuru hakuamini. Alijibu kwamba mwandiko ni mwandiko tu, hata mwongo anajua kuandika. Esta akachukua kile kitaa, alichoazima kwa wakala wa pesa za simu anayekitumia kukagulia noti, akasema, "Basi twende ukaone. Mwalimu wetu wa baiolojia alitufundisha hivi: ukimmulika nge kwa taa hii, anang'aa."

Waliteremsha turubai hadi banda likawa giza saa saba mchana. Esta akaingiza ncha ya panga chini ya gome moja, akalibandua, akawasha taa. Ndani ya gome waling'aa wawili, kijani kibichi, kama vipande vya kioo vyenye miguu. Gogo la pili, mmoja. La tatu, jike mwingine na watoto wake. Nuruddin alirudi nyuma. Mama Nuru alibaki amesimama, akikumbuka kwamba magogo haya aliyanunua kwa msambazaji mpya, mwezi wa nne, wiki ile ile ya harusi. Yule wa zamani alikuwa akiyaleta yamebanduliwa.

Kisha likamjia jambo jingine. "Mihayo amechukua arobaini ya haya," alisema.

Mihayo alikuwa msimamizi wa shimo moja nje ya mji. Walimkuta juu ya shimo na vijana wake wamekaa chini, kazi imesimama.

"Shikamoo, Mama Nuru. Umekuja siku mbaya. Wawili wameumwa na nge huko chini wiki hii. Lakini tumeshampata mwenye ndagu, anayewatuma kwa uchawi wake wa kutafuta mali. Luka. Tumemfukuza kazi juzi."

"Mlijuaje ni yeye?"

"Nge alikutwa kwenye koti lake, na hakumgusa. Wenzake wanaumwa, yeye mzima."

Mama Nuru aliangalia viatu vyake. Angeweza kuondoka. Hakuna aliyemuuliza habari za magogo. Esta alikuwa kando yake, wala hakumsukuma.

"Nge ni wangu," alisema hatimaye. "Wamekuja na matimba niliyokuuzia. Chukua hiyo taa ushuke uone."

Mihayo alicheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Akajifunga kamba, akashuka. Alipopanda alikuwa na jasho usoni, akaomba maji, akanywa.

"Sita," alisema. "Niliowaona."

"Hata mimi nilikuwa na wangu niliyemdhania," Mama Nuru akawaambia wale vijana, akimshika Esta mkono. "Huyu. Nilipekua mpaka chini ya kitanda chake."

Mihayo alimpigia Luka simu palepale. Luka alikuwa ameshafika Kalangalala, Geita, amepata kibarua cha kupakua saruji. Alisikiliza maelezo yote. "Nimekusikia, kaka," alisema, akakata. Hakurudi Segese.

Matimba yaliyobaki yalihamishwa mbali na nyumba, magome yakabanduliwa na kuchomwa. Nuruddin alijifunza kukung'uta buti. Nge ndani ya nyumba hawakuonekana tena, na Mama Nuru alianza kunywa chai bila kuinusa.

Lakini wiki ile ile Esta alinunua kufuli. Mama Nuru aliliona asubuhi likining'inia kwenye mlango wa chumba, jipya, linang'aa. Alitaka kuuliza. Badala yake alisema, "Kesho linakuja lori la magogo. Utakuja uyakague na ile taa?"

"Nitakuja, mama," Esta alijibu kwa adabu. Kisha akafunga mlango, akazungusha ufunguo, akaufundika kwenye pindo la kanga yake.